UPS Inapolia Kuwa Betri Imeisha: Namna ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Betri Mpya

Katika maduka ya dawa, saiba na ofisi ndogo ninazohudumia kuanzia Kondele mjini Kisumu hadi Maseno na Luanda ya Vihiga, UPS (kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta stima inapopotea) ikianza kutoa onyo la betri, mwenye mahali hufanya moja kati ya mambo mawili: huzima mlio kwa kitufe, au humtuma kijana mjini akanunue betri. Kuzima mlio hakuondoi hatari, kwani kompyuta bado itazimika ghafla, safari hii bila mtu yeyote kuonywa. Kununua betri nako mara nyingi ni kutoa pesa kabla ya kuujua ugonjwa. Onyo la betri iliyo chini huletwa na betri iliyochakaa, ni kweli, lakini pia huletwa na stima dhaifu, soketi iliyolegea, mzigo uliozidi, chaja iliyokufa, au desturi ya kuzima swichi kuu kila jioni duka linapofungwa. Nimewahi kuitwa kuangalia betri mpya iliyokufa baada ya miezi michache tu, nikakuta kwamba kilichoiua ndicho kilichoiua ile ya kwanza: soketi iliyokuwa ikishika na kuachia.

Ninayoyaeleza hapa yanahusu UPS ndogo, za kati ya VA 500 na VA 1500 (VA ni volti-ampea, kipimo cha ukubwa wa UPS), ambazo ndani yake mna betri moja au mbili za risasi na asidi, za volti 12, zilizozibwa zisiongezwe maji. Hizo ndizo zilizo chini ya meza nyingi katika miji yetu. UPS kubwa za hospitali na za vyumba vya seva zina taratibu zake na mafundi wake, na si vizuri kuzijaribia maarifa ya UPS ndogo.

Swali la kwanza: je, stima ilikuwepo?

Kabla ya kushika bisibisi, jiulize mlio ulipoanza stima ilikuwepo au haikuwepo. Jibu la swali hilo hugawa matatizo yote katika mafungu mawili, na anayelipuuza hutafuta kosa upande usio wake.

UPS huzungumza lugha tatu ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni mlio wa vipindi, wenye mapumziko ya sekunde kadhaa, unaosema tu kwamba kifaa kimeacha kutumia stima na sasa kinatumia betri. Ya pili ni mlio wa haraka au usiokatika, unaosema kwamba chaji inakaribia kwisha na zimebaki dakika chache, pengine mbili, za kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta kwa utaratibu. Ya tatu hutokea wakati stima iko na kila kitu kinaonekana sawa, lakini taa nyekundu au alama ya betri inawaka na mlio unarudi mara kwa mara. Hapo kifaa kimejipima na kuona kwamba betri haiwezi tena kubeba mzigo, au kwamba betri haijaunganishwa. Idadi ya milio na rangi ya taa hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo kijitabu kilichokuja na kifaa chako kisitupwe pamoja na kasha.

Chukua karatasi, uibandike kando ya UPS, na kwa siku 3 andika kila mara inapolia: ilikuwa saa ngapi, taa za chumbani zilikuwa zinawaka au la, ni vitu gani vilikuwa vimewashwa, na mlio ulikuwa wa aina gani. Ninaisisitiza karatasi hii kwa sababu imenisaidia kuliko chombo chochote nilicho nacho begani. Mama mmoja mwenye duka la dawa aliniita akasema, "Fundi, mashine yako imeanza tena, na stima haijapotea hata mara moja." Karatasi yake ilionyesha kwamba ililia Jumatatu saa moja na nusu jioni, Jumanne saa mbili kasoro usiku, na Jumatano tena saa moja jioni, na kwamba mchana kutwa ilinyamaza. Betri iliyokufa haichagui saa. Kilichochagua saa kilikuwa mtaa mzima, uliokuwa ukirudi nyumbani, ukiwasha taa, televisheni na majiko ya umeme kwa wakati mmoja.

Stima iko, lakini UPS imeikataa

Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. UPS huupima bila kupumzika, na unapotoka nje ya mipaka iliyowekewa, huukataa na kuhamia kwenye betri, hata kama balbu bado inawaka kwa wekundu hafifu. Katika sehemu zilizo mwisho wa laini, ambako transfoma moja inabeba nyumba nyingi, volti za jioni hushuka kiasi kwamba UPS ya kawaida huhesabu kuwa stima imepotea. Betri hutumika mpaka chaji inakaribia kwisha, hulia, hujazwa nusu usiku, na kesho yake jioni huanza tena. Baada ya miezi kadhaa ya maisha ya namna hiyo betri huchakaa kweli, na mtu akibadilisha betri peke yake ameanza tu safari ileile upya.

Namna ya kuthibitisha ni kupima. Multimita, yaani kifaa cha kupimia volti, ya bei ya chini inatosha. Iweke kwenye volti za umeme wa mkondo geu (AC), katika kipimo kinachozidi 240, kwa kawaida 600 au 750. Hakikisha waya zake hazijachubuka na kwamba ule mwekundu umechomekwa mahali pa volti wala si pa ampea. Kisha pima kwenye soketi ileile inayotumiwa na UPS, mara moja mchana na mara moja saa ile ambayo karatasi yako inaonyesha kuwa mlio huanza. Kama hujawahi kupima soketi, mwombe fundi akufanyie, kwa kuwa hapo ndipo palipo na umeme unaoua. Mchana ukipata 235 na jioni ukapata 175, umeshapata jibu, na jibu hilo halimo ndani ya betri. Peleka malalamiko ya volti ndogo Kenya Power ukiwa na saa na vipimo vilivyoandikwa, ukishirikiana na majirani, kwani lalamiko la watu kumi wa transfoma moja hushughulikiwa kwa uzito mwingine. Huku ukisubiri, tafuta UPS yenye kirekebisha volti ndani yake, aina ambayo huinua volti zilizoshuka bila kugusa betri. Nyingi za aina hii huvumilia hadi karibu na volti 160 au 170, na mipaka yake huandikwa kwenye kibandiko cha nyuma.

Ikiwa volti ni nzuri muda wote na bado UPS inahamia kwenye betri, fuata njia ya umeme kutoka ukutani. Soketi zilizochakaa huachia plagi, hasa pale ambapo plagi nzito huvutwa na waya wake mwenyewe. Ekstensheni za bei rahisi hupata moto na kulegea ndani. Gusa plagi baada ya saa moja ya kazi: ikiwa ya moto, soketi au plagi hiyo ibadilishwe leo, kwa sababu sasa si suala la betri tena bali la moto. Fungua plagi uangalie fyuzi yake na skrubu zinazobana waya. Nyuma ya UPS nyingi mna kitufe kidogo cheusi kinachoruka nje mzigo unapozidi. Kikiwa kimeruka, UPS haipati stima hata kama soketi ni nzima.

Kuna jambo la jenereta ambalo huwashangaza wengi. Stima inapotea, mwenye duka anawasha jenereta ndogo ya petroli, taa zinawaka, lakini UPS inaendelea kutumia betri mpaka inalia na kuzimika. Jenereta ndogo haishiki mizunguko 50 kwa uthabiti. Friji ikiwashwa, injini hulemewa, mizunguko hushuka, na UPS hukataa umeme huo kwa sababu ya mipaka ileile iliyowekewa. UPS nyingine zina mpangilio wa kupunguza ukali wa ukaguzi huo, na kijitabu hueleza namna ya kuubadilisha. Pale ambapo mpangilio huo haupo, jenereta yenye inveta (sehemu inayogeuza umeme wa mkondo mnyoofu kuwa wa mkondo geu) hutoa umeme laini zaidi unaokubalika.

Na kuna swichi kuu. Maduka mengi hufungwa saa mbili usiku kwa kuzima swichi kuu, kwa hofu ya moto, na hofu hiyo siidharau. Lakini UPS iliyoachwa ikiwa imewashwa huona kwamba stima imepotea, hubeba ruta na kompyuta iliyosahauliwa, hulia ndani ya duka lililofungwa hadi betri inakauka, kisha betri hulala ikiwa tupu mpaka asubuhi. Betri ya risasi ikikaa bila chaji, sulfati (chumvi ya risasi) hugandamana juu ya sahani zake na kuwa ngumu, na sehemu iliyogandamana hairudi kufanya kazi. Kufanya hivyo kila usiku ni kuiua betri kwa mkono wako. Zima kompyuta kwanza, kisha zima UPS kwa kitufe chake, ndipo uzime swichi kuu. Lililo bora ni kumwomba fundi wa umeme atenganishe laini ya UPS, ili ibaki ikichaji wakati soketi nyingine zote zimezimwa.

Mzigo

Huenda betri ni nzima, stima ni nzuri, lakini ikipotea onyo linakuja baada ya dakika 2 tu. Hapo hesabu mzigo. Namba kubwa iliyochapishwa kwenye kasha ni ya VA, si ya wati, na UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati zisizofika 400. Hata hivyo kubeba ni jambo moja na kudumu ni jambo lingine. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7, ambayo ndiyo ya kawaida katika UPS hizi, ina wati-saa 84 kwenye karatasi, lakini kipimo hicho huchukuliwa betri ikitoa umeme polepole kwa saa 20. Ikiutoa haraka hutoa karibu nusu yake, na inveta nayo hula sehemu. Kompyuta ya mezani na skrini yake, zikitumia wati 100 kwa pamoja, zitapata takriban dakika 20 kutoka kwa betri mpya. Ruta peke yake, yenye wati 10, inaweza kwenda saa kadhaa. UPS ilibuniwa ikupe muda wa kuhifadhi kazi au kuwasha jenereta. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, gridi ya taifa ilipoanguka na sehemu kubwa ya nchi ikalala gizani, hakuna UPS ya chini ya meza iliyoweza kufika asubuhi, wala haikupaswa kulaumiwa.

Printa ya leza isichomekwe kamwe kwenye upande wa betri, kwa kuwa inapopasha moto sehemu inayogandisha wino hunyonya mamia ya wati kwa mkupuo, wakati mwingine zaidi ya 1000. Friji ya chanjo na dawa pia isiwekwe humo. Kompresa yake ikianza hudai umeme mwingi kuliko UPS ndogo inavyoweza kutoa, na friji ya dawa inastahili mpango wake wa akiba.

Kuipima betri yenyewe

Yote hayo yakiwa sawa, sasa tuifikie betri. Zima UPS, chomoa plagi ukutani, chomoa vifaa vyote, na usubiri dakika kadhaa. Vua pete, saa na bangili. Betri hii ni ndogo lakini pete ya dhahabu ikigusa ncha zake mbili hupata moto wa kuunguza kidole hadi kwenye nyama. Kifuniko cha betri huwa chini au nyuma ya kifaa. Ikiwa UPS yako haina mlango wa betri na inabidi kufungua mwili wote, mpe fundi, kwani kuna kapasita ndani zinazohifadhi umeme.

Ukifungua, tazama kabla ya kupima. Ikiwa UPS ni mpya na haijawahi kufanya kazi bila stima, inawezekana waya mmoja wa betri haujaunganishwa: watengenezaji wengi huuacha wazi kwa usalama wa safari, na mnunuzi asiyesoma kijitabu hukaa na UPS isiyo na betri kwa mwaka mzima. Angalia ncha: unga mweupe au wa kijani huzuia umeme kupita, na kibanio kilicholegea hufanya hivyohivyo. Usafi wa kitambaa kikavu na kukaza kibanio kwa koleo vimerudisha UPS nyingi kazini bila gharama yoyote. Lakini ukikuta mbavu za betri zimevimba, ganda limepasuka, au pana harufu ya mayai yaliyooza, usiipime wala usiichaji. Fungua milango hewa ipite, vaa glavu, na uitoe. Ikiwa imevimba hadi haitoki, usiilazimishe kwa bisibisi.

Betri isiyo na dalili hizo ichajiwe ndani ya UPS kwa saa 12, kisha itolewe na kupumzishwa saa kadhaa, usiku mzima ikiwezekana. Iweke multimita kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC), kipimo cha 20. Betri nzima iliyojaa husoma kati ya volti 12.7 na 12.9. Kwenye 12.4 haijajaa au imeanza kuzeeka. Chini ya 12 baada ya kuchajiwa usiku kucha, ina kasoro, na ikisoma karibu 10.5, chumba kimoja kati ya sita vilivyomo ndani kimekufa.

Volti za kupumzika peke yake hudanganya, na hapa ndipo wengi hukwama. Betri iliyochakaa inaweza kusoma 12.8 kwa sababu chaji kidogo iliyobaki hupandisha volti, lakini haina kina. Njia ya kuiumbua ni kuipa kazi. Chukua balbu ya mbele ya gari, ya volti 12 na wati 55, ambayo hupatikana kwa kila muuzaji wa vipuri hapa Kibuye mjini Kisumu au kule Nakuru. Ifunge waya, iweke juu ya tofali kwa kuwa hupata moto sana, uiunganishe na betri na kutazama multimita. Balbu hiyo huvuta takriban ampea 4.6. Betri nzima ya ampea-saa 7 itashuka kidogo mwanzoni kisha itulie, na baada ya dakika 10 bado itakuwa juu ya volti 11.5. Betri iliyokwisha huteremka mbele ya macho yako, mwanga wa balbu unapauka, na ndani ya dakika moja au mbili inavuka 10.5 kwenda chini. Ikifika hapo ondoa balbu upesi, 10.5 ndio mpaka ambao haifai kuuvuka. Umeona kwa macho kile ambacho UPS ilikuwa ikijaribu kukuambia kwa mlio.

Katika UPS yenye betri mbili, pima kila moja peke yake. Ikiwa moja inasoma 12.8 na nyingine 12.1, ile dhaifu ndiyo inayoleta onyo, lakini badilisha zote mbili kwa pamoja, za chapa moja na za tarehe moja. Betri mpya ikifungwa mfululizo na kongwe, ile kongwe hukauka mapema na ile mpya hujazwa kupita kiasi.

Kuhusu umri, betri hizi hudumu miaka 3 hadi 5 zikikaa kwenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata maisha hayo karibu nusu. Kisumu, iliyo kando ya ziwa kwenye mita 1,130 hivi, hufika nyuzi 30 alasiri nyingi, na chini ya mabati yasiyo na dari, ndani ya kabati, kando ya UPS inayopata joto lake yenyewe, betri huishi kwenye nyuzi zaidi ya hizo. Nakuru iko juu zaidi, karibu mita 1,850, na ubaridi wake ni rafiki wa betri. Kwa sababu hiyo siwapi wateja wa Kisumu matumaini ya miaka 5. Nawaambia waitoe UPS kabatini, waiweke mbali na dirisha la jua, wasiirundikie makaratasi juu, na wapange bajeti ya betri baada ya miaka 2 au 3.

Betri nzima isiyojaa

Inatokea kwamba betri iliyochajiwa kwa chaja ya nje inafaulu jaribio la balbu, lakini ikirudishwa ndani ya UPS, baada ya siku moja onyo linarudi. Hapo chaja ya ndani ndiyo mgonjwa. Chaja nzima huishikilia betri kwenye volti 13.5 hadi 13.8, na betri iliyoisha kabisa huhitaji saa 6 hadi 8, pengine zaidi, kurudi karibu na kujaa. Kwa hiyo usiihukumu chaja baada ya saa moja. Usifungue UPS na kupima ncha za betri ikiwa imechomekwa ukutani. Katika UPS nyingi ndogo waya za betri hazijatengwa na umeme wa ukutani, na volti 12 unazodhani unazishika zinaweza kuwa zimebeba 240. Badala yake linganisha: pima betri ikiwa nje, iache ndani ya UPS usiku kucha stima ikiwepo, itoe, uipime tena. Ikiwa volti hazikupanda, au zimeshuka, peleka kifaa kwa fundi wa elektroniki. Chaja nyingi hufa baada ya radi, na sisi wa ukanda wa ziwa, Kisii na Kakamega tunaishi chini ya radi nyingi. Wingu linapojikusanya alasiri, kuchomoa ndiyo kinga ya uhakika.

Kununua na kuweka

Nenda dukani na betri ya zamani mkononi. Linganisha volti, ampea-saa, urefu, upana, kimo na upana wa ncha, maana kuna za milimita 4.75 na za milimita 6.35, na kibanio kikubwa juu ya ncha ndogo kitalegea. Beba multimita yako na uombe kupima. Betri hizi hupoteza chaji zikiwa rafuni, kwa haraka zaidi palipo na joto, na iliyokaa mwaka mzima bila kuchajiwa imeanza kugandamana kabla hujailipia. Inayosoma 12.6 au zaidi ichukue. Iliyo chini ya 12.4 iache kwa heshima. Angalia pia tarehe iliyopigwa muhuri kwenye ganda.

Wapo mafundi wa jua kali wanaotoa waya nje ya UPS ndogo na kuziunganisha na betri ya gari, wakiahidi saa nyingi za mwanga. Ninawaheshimu kwa ubunifu, lakini kwa kazi hii sikubaliani nao hata kidogo. Inveta ya UPS ndogo ilipimwa ifanye kazi dakika chache kisha ipoe. Ikilazimishwa saa 3 huweza kuungua. Chaja yake ni dhaifu mno kuijaza betri hiyo, na betri ya gari ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni ndani ya chumba ambamo watu wanafanya kazi. Anayehitaji saa nyingi anunue inveta ya kweli na betri za kazi hiyo.

Unganisha mwekundu kwa mwekundu na mweusi kwa mweusi. Cheche ndogo wakati wa kugusa ncha ya mwisho ni ya kawaida. Chaji saa 12 kabla ya kuiamini. Baadhi ya UPS hukumbuka udhaifu wa betri ya zamani na huendelea kuonya mpaka zianzishiwe kipimo cha kujikagua, ambacho namna yake imo kijitabuni. Nyingine hukadiria dakika zilizobaki kwa kumbukumbu, na zinahitaji kufundishwa upya: ikiwa imejaa, weka mzigo usiobadilika wa asilimia 30 au zaidi, ukate stima, uiache ishuke hadi ijizime, kisha ijaze tena. Fanya hivyo mara moja tu kwa betri mpya, kwani kila mkausho una gharama yake.

Kwa wanaotunza seva za shule au sacco kwa programu ya NUT (inayofuatilia UPS kupitia kompyuta), amri ya upsc huonyesha hali kwa herufi: OL ni kwenye stima, OB ni kwenye betri, LB ni betri iko chini, RB ni betri ibadilishwe. OB inayotokea kila jioni huku taa zikiwaka ni ile karatasi ya ukutani katika sura nyingine. Kama seva huzimwa mapema mno betri ikiwa bado ina nguvu, angalia kiwango cha battery.charge.low (asilimia ya chaji inayohesabiwa kuwa chini) kabla ya kuilaumu betri.

Betri ya zamani usiitupe jalalani wala usimwachie mtoto aivunje kutafuta risasi. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, sumu ya risasi ikaingia katika damu ya watoto wao, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Funika ncha zake kwa utepe, uisafirishe ikiwa imesimama wima, na umrudishie muuzaji wa betri anayepokea kuukuu. Wengi hukupunguzia bei ya mpya kwa ajili yake.

Mwisho wa kazi, kata stima kwa kuzima swichi ya soketi, bila kuchomoa plagi ili waya wa ardhi ubaki umeunganishwa, na uhesabu dakika hadi onyo la kwanza la betri kuwa chini. Rudisha stima. Juu ya kibandiko andika tarehe, wati za mzigo na dakika ulizopata, kwa mfano wati 95, dakika 21. Baada ya miezi 6 rudia kwa mzigo uleule. Dakika zikiwa zimeshuka hadi nusu, agiza betri wiki hiyohiyo, ukiwa bado una nafasi ya kuichagua na kuipima.